Kariakoo, Mji wa Mizigo

Wako wengi kati yenu wanaolijua jina la Kariakoo kuliko mambo mengine yote ya mji wa Dar es Salaam. Mama akishuka garini na vitenge vizuri, vile ambavyo wengi wa kwetu huviita vikwembe, jirani zake humwuliza, "Mama, umevitoa wapi?" Naye hujibu kwa neno moja tu: "Kariakoo." Mtu asiyefika huko hudhani kwamba ni duka moja kubwa lenye mlango mmoja na bwana mmoja mwenye ufunguo. Kumbe ni mitaa mingi iliyopishana kama ukindu wa mkeka, na maduka yake ni maelfu.

Nimeona yafaa juma hili tuitembelee mitaa hiyo. Kila mwaka akina mama na akina baba wa kwetu hufunga safari kwenda huko, na fedha wanazozichukua si za mchezo. Ni za likelemba, au ni karo ya watoto iliyokuwa ikingojea muhula, au ni mkopo ambao jamaa nzima imeuwekea dhamana kiwanja chao. Wengine hurudi na faida. Wengine hurudi na marobota ya kupendeza macho, lakini baada ya miezi mitatu huona kwamba fedha zimepungua, wala hawajui zimepotelea wapi. Hapo ndipo mume amtazamapo mke, na mke amtazamapo mume, na chakula cha jioni huliwa bila maneno.

Tuanze na jina, kwa sababu jina hilo lina habari inayotuhusu sisi pia. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 Waingereza walipigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Barabara za magari zilikuwa chache sana, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa wingi kwa kuumwa na mbung'o. Basi risasi, unga, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa kwa vichwa vya watu. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi hao "Carrier Corps". Walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliwaweka wapagazi mahali penye jengo lililojengwa na Wajerumani. Wenyeji wakalitamka jina hilo la Kiingereza kwa ulimi wao: Kariakoo. Vita vilipokwisha, mwaka 1923, jengo likawa soko, na jina likabaki. Nairobi nako kuna mtaa uliopata jina lake kwa njia ile ile.

Na sisi? Mwezi ule ule wa Septemba 1916, tarehe 19, jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora. Nyuma ya askari walikuwako wapagazi wa kwetu, wengi kupita askari wenyewe, nao walitembea kutoka Kivu na Tanganyika na mizigo vichwani. Kwa pande zote za vita vile walikufa wapagazi makumi ya maelfu, na walioangushwa na njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko walioangushwa na risasi. Katika Barabara ya Samora, huko Dar es Salaam, imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, iliyowekwa mwaka 1927. Wasafiri hupigwa picha mbele yake. Wachache husoma maandishi yaliyo chini, nayo huwataja wapagazi pia.

Basi mahali hapa pamezaliwa na mzigo, na hata leo ni mizigo inayopatawala. Ukisimama katika Mtaa wa Msimbazi asubuhi, jambo la kwanza utakaloliona si maduka. Utaona vijana wenye marobota mabegani wakipiga kelele ili wapishwe, mikokoteni, magari ya magurudumu matatu yaitwayo maguta, na malori yanayoshusha makasha kinyumenyume. Duka ni kituo tu. Mali hukaa humo kidogo, kisha hubebwa kwenda Mbeya, Lilongwe, Lubumbashi, Bujumbura.

Waingereza waliugawa mji katika sehemu tatu: Wazungu walikaa kando ya bahari, Wahindi walikaa katikati penye maduka ya mawe, na Waafrika walikaa Kariakoo. Kati ya Kariakoo na mitaa ya Wahindi uliachwa uwanja mtupu, ndio huu uitwao Mnazi Mmoja, ili watu wasichanganyike. Siku hizi waenda kwa miguu huuvuka kila saa, wala hawaukumbuki mpaka ule. Nyumba za Kariakoo zilikuwa za chini, za vyumba sita, ukumbi katikati na baraza mbele. Mtu mpole akitazama vizuri bado ataona moja mbili, zimebanwa katikati ya majumba ya ghorofa kama wazee waliokaa kati ya vijana warefu.

Majina ya mitaa yanatosha kumfurahisha Mkongo. Uko Mtaa wa Kongo, na huo ndio mmojawapo wenye msongamano mkubwa kupita yote: nguo za watoto, mashati, viatu, mikoba, vyote vimetandazwa chini na kutundikwa juu, hata anga huonekana kwa vipande. Uko Mtaa wa Lumumba, upande wa Mnazi Mmoja. Katika nyumba moja ya mtaa huo, uliokuwa na jina jingine wakati ule, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Uko pia msikiti wa Wamanyema, yaani watu wa Maniema yetu, ambao zamani walifika pwani na misafara. Wengine walikuja wakiwa watumwa, wengine wakiwa wapagazi na askari, wakakaa, wakaoa, wakajenga. Kwa hiyo mtu wa kwetu asijione mgeni kabisa huko. Babu zake walitangulia.

Lakini kuna neno moja litakalomponza ikiwa hakuonywa. Kwetu wengi husema "kuuza" maana yake kupata mali kwa fedha, na "kuuzisha" maana yake kuitoa. Huko Dar es Salaam "kuuza" ni kazi ya mwenye duka, na wewe mwenye fedha kazi yako ni "kununua". Mama mmoja wa kwetu aliingia duka la vitenge, akasema kwa heshima, "Bwana, nataka kuuza vikwembe mia." Mwenye duka akamjibu kwa upole uo huo, "Pole mama, sisi hatununui kwa watu wa mikononi." Walisimama hivyo, kila mmoja akimshangaa mwenzake, mpaka kijana mmoja aliyewahi kukaa Kalemie akawasuluhisha. Hilo la kuchekesha ni dogo. Likitokea mbele ya afisa wa forodha, halichekeshi.

Sasa maduka yenyewe. Mgeni hushangaa kuona maduka ishirini yaliyofuatana, yote ya simu, au yote ya mapazia. Huwaza, "Watu hawa wanauana wenyewe kwa wenyewe." Si hivyo. Muuzaji wa simu hukaa karibu na wauzaji wa simu kwa kuwa wanunuzi wa simu huja hapo hapo. Naye akiishiwa na namna fulani, hutuma kijana duka la tatu kuchukua, kisha watahesabiana jioni. Kwako wewe mnunuzi kuna faida nyingine kubwa: ndani ya hatua mia moja waweza kusikia bei kumi za kitu kimoja. Basi jifunze mtaa na mali yake. Simu na vyombo vyake hutafutwa Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani. Nguo zilizoshonwa ziko Kongo na mitaa inayoukata. Khanga na vitenge vya jumla viko Barabara ya Uhuru, upande wa kuelekea Mnazi Mmoja. Vyuma, vipuri na kazi za mafundi huelekea Gerezani. Nimesema "hutafutwa" kwa kusudi, maana mitaa hii haikai. Duka lililouza sufuria mwaka jana, mwaka huu lauza nywele za bandia.

Chumba cha duka huko huitwa fremu. Fremu nyingi ni nyembamba, mtu akinyosha mikono aweza kugusa kuta zote mbili, na kodi yake ni ghali. Mara nyingi anayetaka kuingia humtolea kwanza yule anayetoka fedha iitwayo kilemba, mbali na kodi. Nawaelezeni haya ili mwelewe kwa nini mwenye duka hana subira na mteja anayetaka kitu kimoja. Ukiuliza bei, usiseme tu, "Hii kiasi gani?" Uliza: moja bei gani, dazani bei gani, robota bei gani. Hizo ni bei tatu mbalimbali za kitu kile kile, na tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ndiyo riziki yako.

Nje ya maduka utakutana na mawinga. Winga ni kijana, au binti, asiye na duka wala mali. Kazi yake ni kukupokea barabarani, kukuita "dada" au "mama mkubwa" au "boss wangu", kukuuliza watafuta nini, na kukupeleka penye mali hiyo. Jina lake limetoka katika mpira, kwa yule mchezaji anayekimbia pembeni mwa uwanja. Atakutajia bei iliyo juu ya bei ya mwenye duka, na kilichozidi ni chake. Wenyewe hukiita "cha juu". Wengi wa kwetu humwita mwizi. Mimi siwezi kumwita hivyo. Yeye anajua fremu iliyo ghorofa ya tatu nyuma ya ngazi, ambayo wewe usingeiona kwa siku mbili, na ujuzi wake una thamani. Kosa ni la anayenunua kwa winga siku ya kwanza, saa ya kwanza, kabla hajasikia bei kwa masikio yake mwenyewe. Ukishazijua bei, winga atakuwa mtumishi wako mzuri, na cha juu chake mtapatana mbele, kama ujira.

Kwa hiyo shauri langu kwa anayefika mara ya kwanza ni hili: siku ya kwanza usinunue kitu. Acha fedha mahali pa salama. Vaa viatu vya kutembea, chukua daftari na kalamu, uanze mapema, kabla jua halijawa kali. Kituo cha Gerezani ni kizuri kuanzia, maana mabasi yaendayo kasi, ambayo watu huyaita mwendokasi, yalianza kazi mwaka 2016 na hufika hapo. Tembea mitaa iendayo upande mmoja, kisha irudie ile inayoikata. Andika jina la mtaa, namna ya mali, bei tatu. Ukichoka, kaa penye kivuli unywe maji ya madafu. Jioni, chumbani, soma daftari. Mara nyingi utaona kwamba kile ulichokuja kukitafuta hakina faida, na kile usichokifikiria, labda vifungo, au zipu, au vyombo vya plastiki, kingeweza kukulipa. Kufanya hivi hugharimu siku moja ya chakula na malazi. Wako walioona kwamba siku hiyo ni hasara, wakaja kulipa mara hamsini zaidi.

Mali hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka China. Wafanyabiashara wa Kariakoo husafiri hadi Guangzhou na Yiwu, hununua viwandani au katika masoko makubwa, hukodi kontena, au watu kadhaa hushirikiana kontena moja. Na kiwanda kile kile hutengeneza kitu kimoja kwa madaraja mbalimbali, kwa kadiri ya fedha aliyoitoa mwagizaji. Pasi mbili zaweza kufanana kama mapacha, moja ikaishi miaka mitano na nyingine isimalize Kwaresima. Shika uzito wake, itazame waya wake, omba ijaribiwe mbele yako. Haikuwa hivi sikuzote. Katika miaka ya sabini biashara nyingi ilikuwa mikononi mwa mashirika ya serikali, na mwaka 1983 ilifanyika kampeni kali dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Milango ilianza kufunguliwa kwa wingi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985. Watu wakampa jina la Mzee Rukhsa. Ghorofa nyingi za Kariakoo ni watoto wa rukhsa hiyo.

Sasa tufike penye hesabu, na hapa nawaomba baba na mama mkae pamoja mezani msome. Nitatoa mfano, namba zake si bei za leo, ni za kufundishia tu. Tuseme mama ana dola 1,000. Anakuta kitenge cha dola 10, na kwao kitenge hicho huuzwa dola 13. Ananunua 100. Moyoni anahesabu: dola tatu mara mia, faida 300. Anafurahi, anawanunulia watoto viatu na mumewe saa. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa dola 120. Chumba na chakula, dola 75. Kusafirisha mzigo, dola 90. Forodha na gharama za njiani, dola 115. Jumla 400. Kwa hiyo kila kitenge kimemfikia kwa dola 14, naye atakiuza 13. Amepoteza dola 100, bila kutaja viatu na saa, wala hakuna mtu aliyemwibia hata senti. Ameibiwa na njia.

Mama huyo si mpumbavu. Aliisoma bei ya dukani kana kwamba ndiyo bei ya kitu. Bei ya dukani ni ya kitu kilichokaa dukani. Chako kinapaswa kuvuka nchi nzima na pengine ziwa zima, na kila kilomita ina mwenyewe anayeidai.

Lakini tazama. Tuseme akina mama wanne, kila mmoja na dola 1,000 zake za kununulia mali, wamtuma mmoja wao. Nauli na malazi, zile dola 195, hugawanywa kwa wanne, kila mmoja alipa karibu 49. Usafirishaji na forodha tuuache vile vile, dola 205 kwa kila mmoja. Jumla 254 badala ya 400. Sasa kila mama ana faida ya dola 46. Ni ndogo, lakini ni faida. Tena aliyenunua vitenge 400 huzungumza na mwenye duka kwa sauti nyingine. Akipunguziwa nusu dola tu kwa kila kitenge, kila mama aongeza dola 50 nyingine. Waliozoea likelemba wameshakuwa na nusu ya kazi hii tayari, yaani kuaminiana. Nusu iliyobaki ni kuandika: nani ametoa ngapi, nani anataka rangi gani, hasara ikitokea itabebwaje. Yaandikwe kabla ya safari, si baada yake.

Mambo mengine ya fedha nitayapitia upesi. Dola zako zibadilishe benki au kwa mwenye leseni, kwa maana tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zakataza kutaja na kulipa bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Dai risiti iliyotolewa na mashine. Sheria inamdai hata mnunuzi, na njiani itakuwa shahidi wako. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi walidhani kwamba ushuru umekufa. Urafiki wa Jumuiya huisaidia mali iliyotengenezwa ndani ya nchi zake. Sufuria iliyotoka China haiwi ya Kiafrika kwa kulala Kariakoo usiku mmoja. Tena wale wanaoota kufungua duka huko wenyewe, wajue kwamba mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na biashara ya jumla na rejareja imo, isipokuwa kwa namna chache zilizotajwa.

Zamani mzigo wa Kongo ulikuwa na mlango wake maalumu. Kwa mapatano ya mwaka 1921, Waingereza waliwakodishia Wabelgiji sehemu za bandari katika Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase, na reli ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, ndiyo iliyoziunganisha. Leo njia ni nyingi: watu wa Kalemie na Uvira hutazama Kigoma na ziwa, watu wa Bukavu na Goma hupitia Rwanda au Burundi, watu wa Lubumbashi huenda Tunduma, huivuka Zambia, huingia Kasumbalesa. Usiulize njia iliyo rahisi tu. Uliza pia nani atajibu mzigo ukilowa.

Nisiwafiche hatari. Msongamano una wezi wake, nao wanapenda mtu anayetazama juu. Mkoba uwe mbele, si mgongoni. Lakini kuna hatari iliyo kubwa kuliko wezi. Soko lenyewe la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa jengo la fahari: nguzo zake zimepanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zikikinga maji ya mvua, na chini ya ardhi palikuwa na soko jingine ambalo watu waliliita Shimoni. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Wafanyabiashara walisimama nje wakitazama mali yao ikigeuka moshi. Kisha, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka lilianguka asubuhi, watu wakiwa ndani. Waokoaji walichimba siku kadhaa. Waliofukiwa waliongea nao kwa simu kutoka chini ya kifusi, na waliokufa walizidi 25. Serikali iliamuru majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Yaliyopatikana katika ukaguzi ni ya wataalamu, lakini mnunuzi naye ana macho. Ukipelekwa chini kabisa, mahali ambapo ngazi ni moja na marobota yameziba njia, waweza kumwambia winga, "Mwanangu, niletee kielelezo hapa juu." Atanung'unika. Ataleta.

Kariakoo si Dar es Salaam yote. Anayetaka nguo za mitumba huenda Karume, hapo jirani, soko lililoungua Januari 2022. Anayetaka vinyago vya Wamakonde huenda Mwenge. Samaki hununuliwa Feri asubuhi, karibu na mahali pavuko linapotoka kwenda Kigamboni. Na anayetaka kuona maduka yenye vioo na baridi ya mashine, ambamo bei imebandikwa wala haipunguzwi, huenda Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006. Huko mimi huwashauri watu waende siku ya mwisho, nao waende na watoto, kama wanao, kwa ajili ya kutembea tu. Si dhambi kutazama kitu kizuri ukakiacha mahali pake.

Siku ya mwisho ni ya kufunga. Vijana wa kufunga marobota hufanya kazi kwa mikono na magoti: hukandamiza mali, huizungushia mfuko, hushona mdomo kwa sindano ndefu, hupiga kamba mara nne. Simama hapo. Usiende kunywa chai. Hesabu vipande vinavyoingia, na andika wewe mwenyewe, kwa wino usiofutika, jina lako, mji, na namba ya simu, pande zote mbili na juu. Karatasi ya orodha iwe nakala tatu: moja ndani ya robota, moja kwa msafirishaji, moja katika mkoba wako. Mlipe mfungaji ujira mliopatana, na mchukuzi anayebeba hadi garini mlipe akishatua, si kabla.

Walioniandikia wakiuliza habari za meli za ziwani na ushuru wa Uvira wasikasirike. Hayo yana ukurasa wake, na wa leo umejaa.